Figo Haziumi: Sukari, Mkojo na Muda Tulio Nao

Mhadhara kwa wananchi, Nakuru



Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu ugonjwa wa figo kwa watu wenye sukari. Wengi wetu tukisikia neno figo, fikira zetu hukimbilia mashine ya kusafisha damu. Lakini mtu anapofika kwenye mashine, mara nyingi ugonjwa umekwisha kukaa naye miaka kumi, kumi na mitano au zaidi. Sehemu kubwa ya miaka hiyo angeweza kutibiwa kwa vidonge vinavyouzwa katika maduka ya dawa ya Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha. Miaka hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumzie. Hoja yangu ni moja. Madhara ya sukari kwenye figo hayasikiki mwilini yanapoanza, kwa hiyo hayafai kungojewa. Ni lazima yatafutwe, kila mwaka, kwa kila mwenye sukari, na mahali pa kuyatafuta kwanza ni kwenye mkojo.

Hali ilivyo hapa kwetu

Mwaka 2007 na 2008 watafiti walipita mjini na mashambani katika iliyokuwa Wilaya ya Nakuru wakiwapima watu wenye umri wa miaka 50 kwenda juu. Kazi hiyo iliongozwa na daktari wa macho Wanjiku Mathenge, na shabaha yake kuu ilikuwa upofu. Lakini kwa busara walipima pia presha, uzito, sukari na lehemu. Katika watu 4,396 waliopimwa, nusu walikuwa na presha. Asilimia 6.6 walikuwa na sukari. Mmoja kati ya watano alikuwa na lehemu iliyozidi. Hali hizo zilionekana zaidi mjini kuliko mashambani, na tangu wakati huo mji wenyewe umekua hadi ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwezi wa Desemba 2021.

Watafiti hao walipotazama ndani ya macho ya wenye sukari, waligundua kwamba zaidi ya theluthi moja retina zao zilikuwa zimeanza kudhurika. Habari hiyo ya macho inatuhusu sana tunapozungumza juu ya figo. Sukari huumiza mishipa midogo kabisa ya damu, na mishipa ya aina hiyo imejaa kwenye retina na kwenye figo. Mtu ambaye sukari imeshagusa macho yake asiondoke hospitalini bila kuandikiwa kipimo cha figo.

Tuongeze na habari ya taifa zima. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani. Na sukari ya aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima, inaweza kukaa mwilini miaka kadhaa kabla haijagunduliwa. Kwa hiyo siku mama anapoambiwa, "Una sukari," ugonjwa wake huwa si wa siku hiyo. Figo zake zimekuwa zikipitiwa na damu yenye sukari nyingi kwa muda asioujua yeye wala daktari wake. Ndiyo maana mwenye sukari ya aina ya pili anatakiwa kupimwa figo mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Mwenye aina ya kwanza, ambaye mara nyingi ni mtoto au kijana aliyeugua ghafla, huanza kupimwa miaka mitano baada ya kugunduliwa, naye pia huendelea kila mwaka.

Kinachotokea ndani ya figo

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio vya figo zote mbili hutoa takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu ndizo hutoka kama mkojo. Uchafu hutoka na mkojo huo, vitu vya thamani hubaki. Kimojawapo cha vitu hivyo ni albumini, protini inayotengenezwa na ini, ambayo husaidia kuyazuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa ya damu.

Kina mama wa Bahati na Olenguruone wanaochuja maziwa kila alfajiri wanakijua kitambaa cha kuchujia. Nyuzi zake zinapoanza kulegea, vijitaka huanza kupenya kabla hujaona tundu lolote. Ukitaka kujua kama kitambaa bado ni kizima, unatazama kile kilichopita. Nasi vivyo hivyo: albumini inapoonekana kwenye mkojo, hata kwa kiasi kidogo, tunajua kwamba kichujio cha figo kimeanza kulegea.

Kulegea huko kuna mwendo wake. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, mshipa unaoingiza damu katika kichujio hupanuka, na ule unaoitoa hubanwa na homoni iitwayo angiotensini. Shinikizo ndani ya kichujio hupanda. Mwanzoni figo huchuja kwa kasi kuliko kawaida, hata kipimo cha damu kinaweza kutoka kizuri kabisa na mgonjwa akarudi nyumbani akiwa ameridhika. Kadiri miaka inavyopita, shinikizo hilo na sukari yenyewe huunenepesha utando wa kichujio na kuziua seli zinazoushikilia. Kovu huchukua mahali pa nyama nzima. Presha ya mwili ikiwa juu, na tumeona kwamba nusu ya wazee wetu waliopimwa walikuwa nayo, kovu husambaa haraka zaidi.

Wakati haya yote yanaendelea, mtu hana anachokisikia. Analima, anapakia maua kwenye mashamba ya Naivasha, anaendesha matatu ya Nakuru na Eldoret, analala vizuri. Figo zinazoharibiwa na sukari haziumi. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu kwetu mgongo ukiuma watu husema ni figo, na mgongo usipouma watu husema figo ni nzima. Maumivu ya mgongo kwa kawaida hutoka kwenye misuli na mifupa. Mkojo wenye povu lisiloisha, miguu inayovimba, uso unaofura asubuhi, uchovu na kichefuchefu ni dalili za figo, lakini ni dalili za ugonjwa uliokwisha kwenda mbali. Anayezingoja dalili hizo kabla ya kupimwa anaipoteza ile miaka ambayo matibabu hufaa zaidi.

Vipimo viwili vinavyokwenda pamoja

Watu wamejua kwa muda mrefu kwamba figo mbovu hupitisha protini. Katika karne ya kumi na tisa daktari Richard Bright wa Hospitali ya Guy's mjini London alieleza jinsi alivyotia mkojo kwenye kijiko na kuupasha moto juu ya mshumaa. Protini ikiwemo, mkojo hugeuka mzito kama ute wa yai unaoiva. Kijiko cha Bright, hata hivyo, kilimwonyesha ugonjwa uliokomaa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1963, Harry Keen na mwenzake, katika hospitali hiyohiyo, walipotangaza njia ya kupima chembe ndogo mno za albumini. Mwaka 1984 Mdenmark Carl Erik Mogensen akaonyesha maana yake: aliwafuatilia watu wazima wenye sukari kwa takriban miaka tisa, akaona kwamba wale waliokuwa na albumini iliyozidi kidogo tu ndio walioelekea kupata ugonjwa kamili wa figo na kufa mapema. Elimu hii, basi, tumekuwa nayo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mgonjwa hutoa mkojo kidogo kwenye chupa safi, ikiwezekana ule wa kwanza asubuhi. Maabara hupima albumini na kreatinini iliyomo, kisha hugawa ya kwanza kwa ya pili. Kugawa huko kuna sababu: mtu aliyekunywa maji mengi mkojo wake huwa mwepesi, na aliyeshinda juani mkojo wake huwa mzito, lakini uwiano wa hivyo viwili haubadilishwi sana na maji. Uwiano ukiwa chini ya miligramu 30 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini, ni sawa. Kati ya 30 na 300, figo zimeanza kuvuja. Zaidi ya 300, uvujaji ni mkubwa. Maabara nyingine hutumia vipimo vya molari, na hapo mpaka wa kwanza ni 3 badala ya 30; mgonjwa amwulize mhudumu ni kipimo kipi kimetumika.

Wenzangu wauguzi watauliza: je, kile kijiti cha mkojo tunachochovya kila siku hakitoshi? Kijiti cha kawaida kina kazi yake, na palipokosekana kingine kitumike. Lakini huanza kubadilika rangi pale albumini inapokuwa nyingi, karibu na ule mpaka wa 300. Mtu anaweza kuvuja kwa miaka akiandikiwa kwamba mkojo hauna protini. Kijiti kikionyesha protini, chukulieni hatua. Kisipoonyesha, msimwambie mgonjwa kwamba figo zake ni salama.

Kipimo cha pili ni cha damu. Hupimwa kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli, kisha kwa kutumia umri na jinsia hukadiriwa figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika. Kijana mwenye afya huchuja takriban mililita 100 hadi 120. Kiwango kikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo ni ugonjwa wa figo. Kikishuka chini ya 15, figo zimeshindwa. Nawasihi msiridhike na neno "kawaida" lililoandikwa kando ya kreatinini. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake kabla kreatinini haijavuka mpaka wa kawaida. Bibi mwembamba wa miaka 70 ana misuli midogo na hutoa kreatinini kidogo. Tarakimu inayomfaa mwanawe mwenye kifua kipana inaweza kuuficha ugonjwa wa bibi. Ni lazima hesabu ya kiwango cha kuchuja ifanywe na iandikwe.

Hata hesabu hiyo isomwe kwa uangalifu kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanywa Uganda, Malawi na Afrika Kusini, ulipima uchujaji wa figo moja kwa moja, kisha ukalinganisha na makadirio ya kreatinini. Makadirio yaliwapa watu figo zenye nguvu kuliko zile walizokuwa nazo kweli, na hivyo wagonjwa wengi walikuwa hawahesabiwi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokitegemea kipimo cha damu peke yake. Damu hutuambia figo zimebakiwa na nguvu kiasi gani. Mkojo hutuambia kama zimeanza kuumizwa. Kila kimoja huona kile ambacho kingine hakioni.

Na tusiharakishe kumbandika mtu ugonjwa kwa jibu moja. Albumini hupanda kwa muda mtu akiwa na homa, maambukizi kwenye njia ya mkojo, hedhi, sukari iliyopanda sana au presha iliyofumuka. Hupanda pia kwa aliyefanya mazoezi makali ndani ya saa 24, na katika nchi hii ya Bonde la Ufa ambako vijana hukimbia kilomita nyingi kabla ya kifungua kinywa, swali hilo liulizwe. Jibu likiwa juu, kipimo kirudiwe. Tunasema figo zinavuja pale vipimo viwili kati ya vitatu, katika muda wa miezi mitatu hadi sita, vinapokubaliana.

Tukigundua mapema, tunafanya nini?

Kipimo kisichobadilisha matibabu hakina haja. Hiki hubadilisha.

Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa watu 590 wenye sukari ya aina ya pili na presha, wote wakiwa katika hatua hii ya mwanzo ya kuvuja. Baadhi yao walipewa irbesartani, dawa inayoizuia angiotensini isiubane ule mshipa wa kutolea damu. Baada ya miaka miwili, katika kundi lililotumia dozi kamili, watu 5 hivi kati ya 100 walikuwa wameingia katika uvujaji mkubwa. Katika kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa karibu 15 kati ya 100. Dada za dawa hiyo ni losartani na, kwa njia ya karibu, enalaprili. Hizo mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu za Kenya na madaktari wetu wamezizoea. Presha hulengwa chini ya 130 kwa 80. Baada ya kuanza dawa, damu ipimwe tena ndani ya wiki mbili hadi nne ili kreatinini na potasiamu ziangaliwe. Mama mjamzito hapewi dawa hizi, na anayepanga kushika mimba amwambie daktari mapema ili abadilishiwe.

Siku hizi kuna pia dawa za sukari zinazoilinda figo yenyewe, kama vile dapaglifozini, empaglifozini na kanaglifozini. Hushusha lile shinikizo ndani ya kichujio kwa njia nyingine. Utafiti wa kanaglifozini uliotolewa mwaka 2019, wenye wagonjwa 4,401 waliokwisha kuvuja sana, ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu faida ilikuwa imeonekana wazi. Bei ya dawa hizi bado ni mzigo kwa familia nyingi, na ni haki yetu kama wananchi kudai zifike katika hospitali za umma. Lakini mtu asikae bila matibabu akizingoja, wakati losartani na enalaprili zipo.

Faida haiishii kwenye figo. Mishipa inayovuja kwenye figo ni dalili kwamba mishipa ya moyo na ya ubongo nayo iko hatarini. Wengi wenye albumini kwenye mkojo hufa kwa moyo au kiharusi kabla hata figo hazijashindwa. Huko Denmark, watu 160 wenye sukari na uvujaji wa mwanzo waligawanywa katika makundi mawili. Moja liliendelea na huduma ya kawaida, jingine likasimamiwa kwa pamoja sukari, presha, lehemu, chakula, mazoezi na uvutaji sigara. Miaka 21 baada ya utafiti kuanza, ilionekana kwamba waliosimamiwa kwa pamoja waliishi takriban miaka minane zaidi. Miaka minane inamtosha mtoto kuanza na kumaliza shule ya msingi babu yake akiwa hai.

Nyumbani nako kuna kazi. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, tukihesabu na ile iliyomo kwenye viungo vya paketi, krispi na chipsi za barabarani. Sigara iachwe. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi wetu hununua bila kuandikiwa kila goti linapouma, huziumiza figo zilizokwisha kudhoofika. Mwenye sukari asizimeze kwa mazoea. Amwulize daktari au mfamasia kuhusu dawa mbadala, na awataje pia waganga na miti yote anayotumia.

Naomba niondoe hofu mbili ambazo zinatuumiza hapa kwetu. Ya kwanza ni kwamba metformini huharibu figo. Metformini haiharibu figo. Figo zikidhoofika kwa sababu nyingine, dozi hupunguzwa kiwango cha kuchuja kikishuka chini ya 45, na dawa huachwa kikiwa chini ya 30, kwa sababu dawa hutolewa mwilini na figo. Watu wameona metformini ikiachishwa kwa wagonjwa wa figo, wakadhani ndiyo iliyowaua. Wengi wameacha dawa kwa hofu hiyo, sukari ikapanda, na sukari ndiyo ikaziharibu figo zao.

Ya pili ni maji. Bonde letu ni la volkano, na visima vingi vina floraidi nyingi. Meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi. Mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru umefanya kazi ya kusifiwa ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Floraidi ikizidi huumiza meno na mifupa, na figo dhaifu hushindwa kuitoa vizuri, kwa hiyo maji safi ni jambo la maana kwa mgonjwa wa figo. Lakini mwenye sukari aliyekutwa na albumini kwenye mkojo asilaumu kisima akaacha dawa. Sukari na presha ndizo za kushughulikiwa kwanza.

Gharama ya kuchelewa

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, takriban saa nne kila kipindi, mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yake yote au hadi apate figo ya kupandikizwa. Tangu mwaka 2015 mpango wa serikali ulisambaza mashine katika hospitali za kaunti, na hilo limeokoa watu ambao zamani wangelazimika kwenda Nairobi au Eldoret. Bima ya taifa ya NHIF ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kwa kipindi, vipindi viwili kwa wiki. Hesabuni: ni shilingi 988,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024, kiwango kilipandishwa hadi shilingi 10,650, na hesabu hiyo ikavuka milioni moja. Humo hamna nauli ya kutoka Kuresoi mara mbili kwa wiki, wala siku za kazi zinazopotea, wala za mtoto anayemsindikiza mzazi wake. Kipimo cha mkojo cha mwaka mzima ni sehemu ndogo sana ya kipindi kimoja tu cha mashine.

Sisemi haya ili mtu yeyote aliye kwenye mashine ajione mzigo. Fedha hizo ni haki yake. Nasema ili tuone kwamba nchi inayokubali kulipa milioni moja mwishoni haina udhuru wa kukosa kulipia chupa ya mkojo mwanzoni.

Kwa nini hakifanywi?

Katika kliniki nyingi za sukari siku huenda hivi. Watu hufika alfajiri, foleni hujaa, muuguzi hupima uzito, presha na sukari ya kidoleni, daktari huandika dawa kwenye daftari la mgonjwa, na jua linakuwa limeshapanda. Kipimo cha mkojo hakina mahali pake katika mwendo huo. Mara nyingine maabara haina kemikali zake, mgonjwa akaambiwa akapime nje kwa fedha zake, naye akaahirisha. Mara nyingine kimepimwa, lakini jibu ni karatasi iliyopotea kwenye matatu. Mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka. Sijaona mhudumu anayepuuza figo kwa makusudi. Nimeona kazi ambayo haijapewa mwenyewe.

Dawa yake ni kuipa kazi hiyo mwenyewe na siku yake. Kliniki ichague mwezi mmoja wa kila mwaka, na kila mwenye sukari atakayefika katika mwezi huo na ule unaofuata aingie na chupa ya mkojo kabla hajaingia kwa daktari. Muuguzi ndiye atoe chupa, asingoje kuandikiwa. Ukurasa wa kwanza wa daftari la mgonjwa uchorwe jedwali la safu nne: tarehe, albumini, kiwango cha kuchuja, retina. Daftari hilo hata kwenye mvua ya Molo halitoki mkononi mwa mgonjwa, na jibu likiwa pale, daktari yeyote, awe wa zahanati ya Subukia au wa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti tuliyozoea kuiita PGH, ataona kwa mtazamo mmoja figo zinaelekea wapi. Jibu moja hutuambia mtu alipo. Majibu ya miaka mitatu hutuambia anakokwenda.

Tusikubali kuambiwa kwamba vipimo vya aina hii ni vya hospitali kubwa peke yake. Mwaka 2013 na 2014, watafiti waliporudi kuwatembelea wale wazee wa Nakuru, daktari Andrew Bastawrous na wenzake walitumia simu ya mkononi kupima macho vijijini, na dunia nzima ikajifunza kutoka kwenye barabara zetu za vumbi. Mashine ndogo za kupima uwiano wa albumini kwa dakika chache nazo zipo, na zinabebeka. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii laki moja wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba nchini wakiwa na mashine za presha na za sukari mikobani. Wao ndio wanaomjua mzee aliyeacha kwenda kliniki. Wakiongeza swali moja tu wanapofika mlangoni, yaani mkojo wako ulipimwa lini, tutawapata wengi ambao foleni imewaacha nje.

Ninachoomba

Kwa serikali ya kaunti: kipimo cha albumini kiwe cha bure kwa kila mwenye sukari, mara moja kwa mwaka, katika kila hospitali ya kaunti ndogo, na kemikali zake ziagizwe kwa hesabu ya wagonjwa waliosajiliwa. Hospitali iulizwe kila mwaka: katika wenye sukari mlio nao, wangapi mkojo wao ulipimwa? Kinachoulizwa hufanywa.

Kwa wenzangu wa afya: msimpe mgonjwa jibu la kreatinini bila kiwango cha kuchuja, na msiseme figo ni nzima kabla hamjaona mkojo. Mkipata albumini iliyozidi, rudieni kipimo, anzeni losartani au enalaprili kwa anayestahili, na mwelezeni mgonjwa kwa lugha yake kwamba hajahukumiwa kifo, amewahiwa.

Kwa familia na vyama vyenu vya kina mama na vya wafanyakazi: mnachangiana mazishi, mnachangiana harusi na karo. Changianeni pia vipimo vya wenzenu wenye sukari, na mtu anapopanda gari kwenda kliniki, mmoja wenu amkumbushe chupa.

Na kwako wewe mwenye sukari, ambaye ndiwe niliyekuja kwa ajili yako: figo zako hazitakuambia. Katika kliniki yako ijayo, kabla hujapokea dawa, mwulize daktari maswali mawili. Mkojo wangu ulipimwa albumini lini? Figo zangu zinachuja mililita ngapi? Majibu yote mawili yaandikwe kwenye daftari lako mbele ya macho yako. Yasipokuwepo, usitoke kabla hujaandikiwa vipimo.